Amri ya Ulinzi Saa Nane za Usiku: Aitoe Nani?

Tangu maelfu ya watu waingie barabarani Nairobi, Mombasa, Kisumu na miji mingine ya Kenya tarehe 27 Januari 2024 kulaani mauaji ya wanawake, habari za "amri ya ulinzi" zimezagaa redioni, kwenye makundi ya WhatsApp na hata kwenye mahubiri. Zimezagaa kuliko zinavyoeleweka. Wapo wanaodhani ni kesi ya jinai, kwamba mke akiiomba tu, mume analala korokoroni. Wapo wanaoiona kuwa talaka iliyopitishwa mlango wa uani. Nao jamaa zetu walioko Marekani huongeza lao: huku mahakama hazilali, mtu hupata karatasi yake hata saa nane za usiku; nyumbani kwa nini tuambiwe tungoje Jumatatu?

Swali ni la haki, ila limebeba dhana ambayo si kweli. Marekani haina mfumo mmoja wa mahakama za usiku. Kila jimbo lina utaratibu wake, na kila utaratibu una gharama yake, kwa mwombaji, kwa mlalamikiwa na kwa mahakama yenyewe. Kabla ya kutamani cha mwenzio, ni vizuri kujua kinafanyaje kazi.

Chimbuko la madai, adhabu ya jinai

Amri ya ulinzi huzaliwa katika sheria ya madai. Mwombaji hamshtaki mtu kwa kosa. Anaiomba mahakama imzuie mtu huyo asimguse, asimfuate kazini, asimpigie simu, na mara nyingi ahame nyumba wanayoishi kwa muda. Mahakama inaweza pia kusema watoto wakae na nani kwa kipindi hicho. Hakuna anayefungwa kwa sababu amri imetolewa. Anafungwa akiivunja, na hapo ndipo jinai inapoanza. Katika jimbo la Maryland, kuivunja mara ya kwanza ni kifungo kisichozidi siku 90 au faini isiyozidi dola 1,000, au vyote viwili. Kenya, chini ya Sheria ya Ulinzi dhidi ya Ukatili wa Majumbani ya 2015, ni faini isiyozidi shilingi 100,000 au kifungo kisichozidi miezi kumi na miwili, au vyote viwili.

Pennsylvania ndiyo iliyotangulia kutunga sheria kamili ya aina hii, mwaka 1976. Kabla ya hapo, katika majimbo mengi, mke aliyetaka zuio dhidi ya mumewe alilazimika kwanza kufungua kesi ya talaka. Asiyetaka kuachana, au asiyeolewa rasmi, hakuwa na mlango wa kubisha. Uganda ilipata sheria yake mwaka 2010. Tanzania mpaka leo haina sheria mahususi ya ukatili wa majumbani. Kilichopo ni kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971, kinachosema hakuna mwanandoa mwenye haki ya kumpa mwenzake adhabu ya viboko. Kifungu hicho ni cha heshima, lakini hakisemi mtu afanye nini usiku wa leo.

Kwa nini usiku

Mahakama hufuata saa za ofisi. Ugomvi wa nyumbani hufuata saa za watu kuwa nyumbani: jioni, usiku, mwisho wa wiki, sikukuu. Mwanariadha wa Uganda Rebecca Cheptegei alimwagiwa petroli na kuchomwa moto nyumbani kwake Trans Nzoia siku ya Jumapili, tarehe 1 Septemba 2024. Siku nne baadaye alifariki hospitalini Eldoret. Familia yake ilisema mzozo kati yake na aliyemchoma ulikuwa umeshafikishwa polisi. Mwezi uliofuata serikali ya Kenya ilitangaza kuwa wanawake 97 walikuwa wameuawa tangu Agosti.

Kuna sababu nyingine, nayo hutajwa mara chache. Watu wanaofanya kazi katika nyumba za hifadhi watakwambia kuwa kipindi cha hatari zaidi ni pale mwanamke anapoondoka au anapojulikana kuwa yuko mbioni kuondoka. Kwenda polisi au mahakamani ni dalili ya kuondoka. Kwa hiyo anayekwenda kituoni Ijumaa jioni, akapewa RB au namba ya OB, yaani namba ya taarifa yake kituoni, na kuambiwa aende mahakamani Jumatatu, anarudi nyumbani akiwa amekwisha kuonyesha nia yake bila kupata kinga yoyote. Hizo siku mbili ni mbaya kuliko kama asingekwenda kabisa. Pengo hilo ndilo utaratibu wa saa ishirini na nne unaojaribu kuliziba.

Polisi wanaweza kumkamata mtu aliyepiga, ni kweli. Lakini kukamata kunahusu kilichokwisha kutendeka, na dhamana ya polisi huweza kumrudisha mtu nyumbani kabla ya jua kuchomoza. Amri inahusu kitakachofuata.

Njia ya kwanza: ofisa wa mahakama aliye zamu

Maryland, Virginia na Pennsylvania zimeweka mtu wa mahakama ambaye mwombaji anaweza kumwendea mwenyewe. Maryland walilazimika kubadili katiba ya jimbo kwa kura ya Novemba 2002 ili makamishna wa Mahakama ya Wilaya waweze kutoa amri wakati mahakama zimefungwa. Makamishna hao kazi yao kubwa ni kuamua dhamana za waliokamatwa, na waliokamatwa hawana saa. Walikuwa macho tayari, wamelipwa tayari. Jimbo likawaongezea jukumu.

Utaratibu ni mfupi. Mwombaji anajaza fomu: uhusiano wake na mlalamikiwa, kilichotokea mara ya mwisho na lini, yaliyowahi kutokea nyuma, kama kuna silaha ndani ya nyumba, watoto wako wapi. Anaapa. Kamishna anamuuliza maswali hapo hapo. Akiona kuna sababu za msingi za kuamini ukatili umetendeka, anasaini amri ya muda mfupi, nakala moja inabaki na mwombaji, nyingine inakwenda kwa polisi ili wampelekee mlalamikiwa. Hakuna ada. Kwenye karatasi hiyo imeandikwa tarehe ya kufika mbele ya jaji, na mwisho wake ni siku ya pili ya kazi tangu itolewe. Jaji naye akiridhika hutoa amri ya siku saba, kisha pande zote mbili husikilizwa, ndipo inatolewa amri ya mwisho, kwa kawaida isiyozidi mwaka mmoja.

Philadelphia, mahakama ya familia iko Arch Street. Ikifungwa jioni, mwombaji huelekezwa kwenye jengo la mahakama ya jinai lililo mitaa michache kutoka hapo, Filbert Street, ambako maombi ya dharura hupokewa usiku na siku za mapumziko. Atakachopata huko kinakufa siku ya kazi inayofuata. Lazima asubuhi arudi Arch Street kuanza upya mbele ya jaji wa familia. Virginia wamekuwa wakarimu kidogo: amri ya dharura inadumu hadi dakika ya mwisho ya siku ya tatu, na ikiwa mahakama haikai siku hiyo, inasogezwa hadi siku itakayokaa.

Nguvu ya njia hii ni kwamba mlango uko wazi kwa mwombaji mwenyewe. Hamwombi ruhusa askari yeyote. Kwa mwanamke ambaye mumewe ni askari, au anayeogopa polisi kwa sababu ya karatasi zake za uhamiaji, hilo ni jambo kubwa.

Udhaifu wake uko sehemu mbili. Kwanza, kamishna wa Maryland halazimiki kuwa mwanasheria, wala hakimu wa zamu wa Virginia. Wanatoa uamuzi unaoweza kumtoa mtu nyumbani kwake kwa kusikia upande mmoja tu, baada ya mazungumzo mafupi, usiku wa manane. Pili, na hapa ndipo nionavyo mimi pana kasoro kubwa zaidi, mwombaji anapitishwa kwenye ngazi tatu ndani ya siku chache. Kila ngazi ni siku ya kazi iliyopotea, mtoto wa kuachiwa jirani, nauli, na kusimulia upya yale yale. Wengi huishia ngazi ya kwanza. Wengine huamini karatasi ya usiku ndiyo amri yenyewe, wakaiweka kabatini, ikafa wakiwa hawajui.

Njia ya pili: jaji kwenye simu

California imechagua vingine. Sheria yake ya familia inamtaka jaji kiongozi wa kila kaunti ateue angalau ofisa mmoja wa mahakama anayepatikana wakati wote, mahakama ikiwa imekaa au haikukaa, ili atoe amri ya dharura kwa simu. Askari anafika kwenye tukio, anaona hali, anampigia jaji, anaeleza. Jaji akikubali, askari anaijaza amri hapo hapo na kuwapa wote wawili. Inadumu siku tano za mahakama au siku saba za kalenda, ipi itangulie kwisha. Massachusetts na New Jersey nazo zina majaji wa zamu wanaofikiwa kwa njia hiyo baada ya saa za kazi.

Faida yake inaonekana waziwazi. Mwombaji haendi popote. Askari yuko pale, amri inasomwa kwa mlalamikiwa akiwa amesimama mbele yake, hakuna kumtafuta. Kwa kaunti ya mashambani yenye mahakama moja umbali wa saa mbili kwa gari, hakuna njia nyingine yenye maana. Tena ni rahisi kwa hazina, maana jaji anaamshwa pale tu anapohitajika.

Lakini ufunguo wote uko mfukoni mwa askari. Akiamua kuwa hayo ni mambo ya mume na mke, jaji hatajua kama kuna aliyepiga simu. Sisi wa Afrika Mashariki hatuhitaji kufundishwa maana ya "nendeni mkayamalize nyumbani". Na kwa wahamiaji kuna la ziada. Sheria ya Marekani inasema mgeni anayepatikana na mahakama kuwa amevunja masharti ya kinga katika amri ya ulinzi anaweza kurudishwa kwao. Amri peke yake si kosa, lakini mke anayejua kwamba familia nzima inaishi kwa karatasi za mume huona kila simu kwa polisi kama tiketi ya ndege. Hajui kwamba sheria ya 1994 ya kupambana na ukatili dhidi ya wanawake inamwezesha mke anayeteswa na mume mwenye uraia au ukazi wa kudumu kujiombea ukazi mwenyewe, bila mume kuhusika. Watu wa kanisani na wa chama cha wanajumuiya wangefanya jambo la maana kulisema hilo mara kwa mara, hadharani.

Kisha kuna lugha. Mahakama inayopokea fedha za serikali kuu hairuhusiwi kumbagua mtu kwa asili yake ya kitaifa, na hilo limechukuliwa kumaanisha lazima apatikane mkalimani. Usiku mkalimani ni sauti ya simu. Mama wa Uvira anayeongea Kiswahili chake cha Kivu atamwelewa mkalimani wa Mombasa, ingawa si kila neno. Asichotakiwa kukubali ni kumtumia mtoto wake wa miaka kumi kutafsiri yaliyompata, wala shemeji aliyefika pale "kusaidia".

Njia ya tatu: polisi bila mahakama

Ulaya kuna nchi zilizoiruka hatua ya mahakama kabisa kwa siku za mwanzo. Polisi wa Austria, tangu 1997, wana mamlaka ya kumtoa nyumbani mtu mkali papo hapo, siku hizi kwa wiki mbili, wakati mwathirika akitafuta amri mahakamani. Uingereza na Wales, ofisa wa cheo cha juu wa polisi hutoa ilani ya saa 48, kisha polisi wenyewe, si mwathirika, huenda kwa hakimu kuomba amri ya siku 14 hadi 28. Hili la polisi kubeba mzigo wa kwenda mahakamani ni zuri sana, na ni ajabu Wamarekani hawakuliiga zaidi.

Kwa haraka na kwa wepesi, hakuna inayoishinda njia hii. Lakini inafaa pale polisi wanapoaminika. Mahali ambapo askari anaweza kupewa "chai" na upande wowote, kumpa mamlaka ya kumhamisha mtu nyumbani bila hakimu ni kumfungulia biashara mpya.

Hoja ya upande wa pili

Mawakili wa utetezi wana neno, na ni kosa kulipuuza kwa kudhani kila anayelisema anatetea wapigaji. Mtu anatolewa nyumbani kwake, anatenganishwa na watoto wake, bila kusikilizwa. Wapo wanaoiomba amri ili kupata nafasi nzuri katika kesi ya talaka au ya nyumba. Si wengi kama inavyodaiwa vijiweni, lakini wapo.

Jibu la sheria limekuwa ni muda. Amri ya upande mmoja huwa fupi kwa sababu haijasikiliza upande wa pili, na kadiri inavyodumu ndivyo ushahidi unaodaiwa unavyoongezeka. New Jersey amri ya mwisho haina kikomo, lakini hutolewa baada ya kusikiliza wote. Maryland ilikuwa ikidai ushahidi mzito kupita kawaida ya kesi za madai kwa amri ya mwisho, hadi Oktoba 2014 iliposhusha kipimo kikawa sawa na madai mengine. Mizani hii inaridhisha. Mtu kulala kwa nduguye siku mbili kwa kosa la hakimu ni usumbufu wa kweli, na unarekebishika. Kosa la upande mwingine halirekebishiki.

Ila mizani hiyo ina pengo. Sheria ya serikali kuu ya Marekani inamkataza mwenye amri dhidi yake kumiliki bunduki, na Mahakama ya Juu iliithibitisha mwezi Juni 2024 katika kesi ya Rahimi, majaji wanane dhidi ya mmoja. Sharti lake ni kwamba awe amepewa taarifa na nafasi ya kusikilizwa. Amri ya usiku haitimizi sharti hilo. Kwa hiyo katika siku zile za hatari zaidi, isipokuwa sheria ya jimbo iseme vingine, bunduki inaweza kubaki kabatini.

Amri isiyofika mlangoni

Mijadala mingi huishia kwenye nani atoe amri. Kwa maoni yangu huko siko kwenye tatizo kubwa. Amri haimfungi mtu asiyejua kuwa ipo. Lazima apelekewe, na anayejua anatafutwa huhama kwa rafiki siku tatu, amri ikafa njiani.

Hata ikifika, bado. Mwezi Juni 1999, Castle Rock, Colorado, mwanamke mwenye amri halali mkononi aliwapigia polisi mara kadhaa tangu jioni hadi baada ya saa sita usiku, akieleza kuwa mume waliyetengana amewachukua binti zao watatu. Hawakumtafuta. Kabla ya alfajiri mwanamume huyo alifika kituo cha polisi akifyatua risasi, akauawa. Watoto walikutwa wamekufa ndani ya gari lake. Mwaka 2005 Mahakama ya Juu ya Marekani ilisema katiba haimpi mwenye amri haki ya kudai polisi waitekeleze. Tume ya Haki za Binadamu ya nchi za Amerika iliona vingine mwaka 2011, ikasema Marekani ilishindwa wajibu wake. Kwa mama yule, hukumu zote mbili zilichelewa.

Afrika Kusini wana dawa ambayo ningependa kuiona kwetu. Sheria yao ya 1998 inaitaka mahakama, inapotoa amri ya ulinzi, itoe pamoja nayo hati ya kukamata iliyosimamishwa. Mwenye amri anabaki na hati hiyo. Amri ikivunjwa, anampelekea askari pamoja na kiapo. Haanzi kuomba kesi ifunguliwe, hati iko tayari. Sheria hiyo hiyo inaruhusu maombi nje ya saa za mahakama pale kuna hatari, na tangu Aprili 2023 maombi yanaweza kupelekwa kwa mtandao.

Kwetu ifanyike nini

Kisingizio cha kwamba mahakama zetu haziwezi kukaa nje ya saa za kazi hakina mashiko. Jumamosi ya tarehe 19 Oktoba 2024, jopo la majaji watatu wa Mahakama Kuu ya Kenya lilikaa kushughulikia ombi la serikali katika kesi ya kuondolewa kwa naibu rais. Wenye mawakili na hati ya dharura wamekuwa wakifunguliwa mlango miaka yote. Kinachokosekana ni mlango huo huo kwa mama wa Kibera asiye na wakili.

Nikipima zote, mahakama iliyofunguliwa usiku kucha ingekuwa anasa kwetu: taa, karani, mlinzi, na waombaji wasio na usafiri wa kuifikia. Kuwaachia polisi peke yao ni hatari. Inayotufaa ni ya California iliyorekebishwa: hakimu wa zamu kwa kila kaunti au mkoa, anayefikiwa kwa simu wakati wowote, lakini si kwa mkono wa askari peke yake. Muuguzi aliyempokea majeruhi aweze kumpigia. Mwenyewe mwathirika aweze kumpigia. Amri idumu mpaka siku ya pili ya mahakama, iandikwe kwenye mfumo wa kielektroniki ambao Kenya iliusambaza nchi nzima mwaka 2024, na dawati la jinsia la polisi liwajibike kuipeleka usiku huo huo, pamoja na hati ya kukamata ya mtindo wa Afrika Kusini.

Uganda inasifiwa kwa kuziruhusu mahakama za baraza la kijiji kusikiliza mashauri haya, na ni kweli mwenyekiti wa baraza hilo (LC) ndiye mtu pekee wa sheria anayeishi hatua chache kutoka kwa mwathirika. Lakini mwenyekiti huyo mara nyingi ni ndugu, jirani au mdeni wa mmoja wao, na mwelekeo wake ni kusuluhisha. Awe shahidi na mtu wa kupiga simu. Amri ibaki kwa hakimu.

Kenya inaweza kuanza na kanuni za Jaji Mkuu chini ya sheria iliyopo. Tanzania haina cha kuanzia mpaka Bunge litunge sheria, na wabunge waulizwe hilo majimboni mwao. Na kwa msomaji aliyeko Marekani, ambaye yeye au ndugu yake amepewa karatasi usiku: soma tarehe ya kusikilizwa iliyoandikwa juu yake, na siku hiyo uwepo mahakamani, la sivyo amri hiyo imekwisha.